Shedula inachaguaje CPU ya kuendesha kazi yako: mwongozo kamili wa kuona na kuingilia kati

Watu wengi wakisikia shedula, yaani sehemu ya mfumo wa kompyuta inayogawa CPU kwa kazi, wanawaza ile kazi ya kuamua nani aendeshwe sasa hivi na nani asubiri, na hiyo ni nusu tu. Enzi za mashine yenye CPU moja hiyo ndo ilikuwa kazi yote, ila siku hizi hata simu ina CPU 8 kwahiyo kuna swali la pili ambalo kwangu mi ndo gumu zaidi: huyu aliyeamka sasa hivi aende kuendeshwa wapi? Kwenye Linux kila CPU ina foleni yake, kwahiyo kuchagua CPU ni kuchagua foleni, na kodi ya programu inayofanya hivyo siyo ile inayochagua nani atoke kwenye foleni. Ule uchaguzi wa nani ulifanywa na CFS (kanuni ya kugawa zamu) ya Ingo Molnár kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 2.6.23 mwaka 2007, afu kerneli 6.6 ya mwaka 2023 ikaleta EEVDF, kanuni mpya ya zamu, iliyoandikwa na Peter Zijlstra. Watu walisema shedula imebadilishwa, ni kweli, lakini sehemu ya "wapi" haikuguswa sana na kama programu yako inasumbuliwa na kurukaruka kati ya CPU basi EEVDF siyo unayoitafuta.

Natumia Linux kwenye mwongozo huu manake humo unaweza kuona kila kitu kwa macho yako. Shika jambo moja kabla hatujaanza: kila uamuzi wa shedula wa "wapi" ni mvutano wa vitu 2, kurudi pale ulipokuwa kwa sababu data yako bado iko kwenye kashe ya pale (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya CPU), au kwenda kwenye CPU iliyokaa bure ili uanze sasa hivi bila foleni. Yote yanayofuata ni shedula inajaribu kukisia kipi kina faida zaidi, na inatakiwa ikisie ndani ya muda mfupi mno.

Hatua ya 1: ijue ramani ya mashine yako

Andika hii:

`lscpu -e`

Itakuja jedwali, kila mstari ni CPU moja kama kerneli inavyoihesabu. Angalia safu ya CORE. Mistari 2 yenye namba moja ya CORE ni mapacha, yaani ni kori moja ya chuma inayojionyesha kama CPU 2, na zinagawana mashine ileile ya kukokotoa pamoja na kashe ya L1 na L2 (kashe ziko kwa ngazi, L1 ndo ya haraka zaidi, L3 ya mwisho). Afu kuna safu ya kashe yenye namba zilizotenganishwa na nukta mbili, namba ya mwisho ni kundi la L3, CPU zote zenye namba moja hapo zinashea L3. Safu ya NODE inakwambia RAM ipi iko karibu na CPU hiyo.

Usikisie mapacha kwa namba. Kuna mashine pacha wa CPU 0 ni CPU 1, na kuna mashine pacha wa CPU 0 yuko nusu ya orodha huko, mfano CPU 8 kwenye mashine ya CPU 16. Mi niliwahi kufunga thredi 2 nzito (thredi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) kwenye CPU 0 na 1 nikiamini nimezipa kori 2, kumbe nimezibana kwenye kori moja na zikawa zinagombania, nikapoteza siku nzima natafuta kosa kwenye kodi yangu ambayo haikuwa na shida yoyote. Tangu hapo nacheki hivi kila mara kabla ya kugusa kitu:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/topology/thread_siblings_list`
`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cache/index3/shared_cpu_list`

Kwa nini kashe ina uzito hivyo? Kusoma kitu kilichopo L1 ni mizunguko 4 au 5 ya CPU, L2 ni kumi na kitu, L3 makumi kadhaa, ukienda RAM ni mia na zaidi. Thredi ikihamia pacha wake haipotezi karibu chochote, ikihamia kori nyingine yenye L3 ileile inapoteza L1 na L2 tu, ikivuka L3 inaanza upya kujaza kila kitu, na ikivuka NODE ni mbaya zaidi manake hata RAM yake imebaki upande wa pili. Kerneli yenyewe inaipanga mashine kwa ngazi hizihizi, na majina yake unaweza kuyaona:

`sudo sh -c 'grep . /sys/kernel/debug/sched/domains/cpu0/*/name'`

Utapata kama SMT, MC, NUMA kulingana na mashine. SMT ni mapacha, MC ni wanaoshea L3, NUMA ni ngazi ya zile NODE. Kwenye kerneli mpya folda hiyo ikiwa haina kitu, andika Y kwanza kwenye /sys/kernel/debug/sched/verbose.

Hatua ya 2: jua ni wakati gani uamuzi unafanyika

Hapa wengi wanakosea. Wanadhani shedula inakaa inafikiria kila sekunde thredi yao ikae wapi, siyo hivyo. Thredi inayokimbia bila kulala inabaki hapohapo ilipo mpaka kuwe na sababu ya kuihamisha. Nyakati za kuchagua ni 3: thredi inapozaliwa, inapofanya exec yaani inapobadilika kuwa programu nyingine, na inapoamshwa baada ya kulala. Ukiacha hizo kuna kusawazisha mizigo, nitafika.

Kuzaliwa na exec zinaendeshwa taratibu kidogo, kerneli inashuka ngazi kwa ngazi kutoka juu, inatafuta kundi lenye nafasi zaidi, ndani yake inatafuta CPU yenye nafasi zaidi. Inaweza kumudu muda huo kwa sababu ni matukio machache. Exec ndo wakati mzuri kuliko yote wa kuhama, manake programu imetupa kumbukumbu yake ya zamani na mpya bado haijajaa, hakuna kashe ya kuililia.

Kuamka ndo kwenye mambo. Seva yenye shughuli inaweza kuamsha thredi maelfu kwa maelfu kwa sekunde, kila pakiti ya mtandao, kila kufuli inayofunguliwa, kila taima. Kwahiyo hapo kerneli ina njia ya mkato na njia hiyo ndo inaamua maisha ya programu yako.

Hatua ya 3: fuatilia thredi inayoamka, hatua kwa hatua

Tuseme thredi A inaandika kwenye paipu (njia ya kupitisha data) na thredi B ilikuwa imelala ikisubiri. A iko CPU 2, B mara ya mwisho ilikuwa CPU 5.

Kwanza kerneli inauliza B anaruhusiwa wapi. Kama B amefungwa kwenye CPU moja hakuna cha kuchagua, imeisha hapo.

Pili inachagua shabaha kati ya 2: CPU ya aliyeamsha au CPU ya zamani ya aliyeamshwa. Mantiki ni kwamba A ndo kaandika data ambayo B anaenda kuisoma, na data hiyo iko kwenye kashe ya A, kwahiyo kumleta B karibu kuna faida. Lakini B naye ana vitu vyake kule CPU 5. Kama CPU 2 na 5 zinashea kashe na ya zamani iko bure, B anarudi zake nyumbani. Kama mwamshaji ametoa ishara kwamba anakaribia kulala na yuko peke yake kwenye foleni, B anaweza kuvutwa hapo. Zaidi ya hapo zinalinganishwa mizigo.

Kuna kinga moja humu ndani naipenda sana. Kama A ni mgawaji anayeamsha watu wengi tofautitofauti, kerneli inamhesabu, kila anapobadilisha mtu wa kuamsha hesabu inapanda, ikizidi kiasi inaacha kumvuta B karibu na A. Bila hiyo mgawaji mmoja mwenye wafanyakazi 40 angewarundika wote upande wake.

Tatu, shabaha ikishapatikana inatafutwa CPU iliyo bure karibu nayo, kwa mpangilio huu: shabaha yenyewe iko bure? Chukua, usiangalie zaidi. Ile ya zamani iko bure na inashea kashe na shabaha? Chukua. Ile aliyoitumia kabla ya hiyo ya zamani? Chukua. Zote hapana, basi kagua kundi la L3, tafuta kori ambayo mapacha wote wako bure kama kumbukumbu zinaonyesha ipo, ukikosa CPU yoyote iliyo bure, ukikosa rudi kwenye shabaha ukapange foleni.

Soma tena huo mpangilio maana una mambo 2 yanayoelezea maajabu mengi. La kwanza, "chukua, usiangalie zaidi" maana yake shabaha ikiwa bure inachukuliwa hata kama pacha wake amebanwa na kazi, ndo maana unaweza kukuta thredi 2 zimekaa kori moja wakati kori nyingine ziko bure kabisa. La pili, utafutaji unaishia kwenye mpaka wa L3. CPU iliyo bure kwenye L3 nyingine haionekani kabisa wakati wa kuamka, hata iwe imelala fofofo. Kwenye prosesa za AMD za Zen 2 kila kori 4 zina L3 yao, Zen 3 wakaunganisha kori 8 kwenye L3 moja, na hilo peke yake linabadilisha uwanja ambao shedula inaruhusiwa kutafuta. Mashine yenye kori 64 inaweza kuwa na foleni kwenye kona moja na ukimya kona nyingine, na kwa dakika hiyo shedula inafuata sheria yake vizuri tu.

Kuhusu "mzigo" unaolinganishwa: kerneli haihesabu vichwa tu, inashika wastani wa kila kazi ambapo ya zamani inafifia, kilichotokea milisekunde 32 zilizopita kinahesabiwa nusu. Juu yake kuna uzito wa nice (namba ya upole, ikiwa kubwa kazi inapewa kipaumbele kidogo), nice 0 ni 1024, nice 5 ni 335, nice 19 ni 15. Kwahiyo foleni yenye kazi 10 za nice 19 inaonekana nyepesi kuliko foleni yenye kazi moja ya kawaida, kumbuka hilo unapoona mgawanyo usioeleweka.

Hatua ya 4: kusawazisha, yaani kurekebisha yaliyoharibika

Njia ya mkato ikikosea kuna wa kusahihisha. CPU inayokaribia kukosa kazi inajaribu kuvuta kazi kutoka foleni ya jirani kabla haijalala, ila kama wastani wa mapumziko yake ni mfupi kuliko gharama ya kuhamisha inaacha. Halafu kuna ukaguzi wa mara kwa mara unaopanda ngazi, mapacha hukaguliwa mara nyingi, NUMA mara chache. Kazi iliyokimbia pale ndani ya maikrosekunde 500 zilizopita inahesabiwa bado ina moto wa kashe na kwa kawaida inaachwa. Na kazi inayokimbia muda huohuo haivutwi hivihivi, inabidi thredi maalum ya kerneli iingie iisukume, zile unazoziona zinaitwa migration/0, migration/1 na kuendelea.

Mfumo huu siyo malaika. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kazi iliyoonyesha hitilafu 4 kwenye Linux ambapo kori zilikaa bure kwa sekunde nzima huku kazi ziko kwenye foleni, mojawapo ikiwa hiyohiyo ya kuamka na kubaki kwenye upande uliojaa. Nataja ili ujue kwamba kushuku shedula siyo dhambi, mradi uwe na ushahidi, na ushahidi ndo hatua inayofuata.

Hatua ya 5: angalia kwanza

Nani yuko wapi sasa hivi:

`ps -eLo pid,tid,psr,pcpu,comm --sort=-pcpu | head -20`

PSR ndo CPU ya mwisho. Irudie mara kadhaa, ukiona namba za thredi moja zinabadilika kila saa usiogope bado, cheki ni za L3 ileile au la. Kuhama ndani ya L3 ni kawaida na bei yake ndogo.

Hesabu sasa:

`perf stat -e context-switches,cpu-migrations,cache-misses ./programu`

Kuhama kuwe kuchache sana kuliko kubadilishana zamu. Vikikaribiana una jambo la kufuatilia. Halafu kwenye /proc/PID/status kuna mistari 2 ya thamani: voluntary_ctxt_switches na nonvoluntary_ctxt_switches. Ya kwanza ikiwa kubwa programu inalala na kuamka sana, kwahiyo Hatua ya 3 ndo inakuhusu. Ya pili ikiwa kubwa unanyang'anywa CPU, tatizo ni msongamano na kufunga CPU peke yake hakutakuokoa.

Ukitaka kuona filamu nzima:

`sudo perf sched record -- sleep 5`
`sudo perf sched timehist`

Safu ya sch delay ni muda ambao thredi ilishaamka ikasubiri zamu. Hiyo namba moja naithamini kuliko grafu zote za asilimia ya CPU, manake asilimia inaweza kuwa 40 na bado wateja wako wanasubiri. Kwa jicho la haraka kuna /proc/pressure/cpu, ipo tangu kerneli 4.20, mstari wa some unaonyesha sehemu ya muda ambao kuna kazi ilisubiri CPU.

Hatua ya 6: ingilia kati, kwa kiasi

Anza na kitu kidogo. Kama kazi ya chinichini inasumbua ya maana, ipe nice 19 na uache. Mara nyingi hapo panatosha na hujamnyima mtu CPU yoyote.

Ikibidi kuweka uzio tumia taskset, na ulijue hilo neno uzio: unaiambia shedula isitoke nje ya hapa, ndani ya uzio bado inachagua yenyewe.

`taskset -c 0-7 ./programu`
`taskset -acp 0-7 PID`

Ile -a ni ya kushika thredi zote, ukiisahau utabadilisha moja tu na utashangaa hakuna kilichobadilika. Ushauri wangu, weka uzio wa ukubwa wa L3 nzima, siyo CPU moja moja. Hapo unapata faida ya kashe na bado thredi ikikuta CPU yake imeshikwa ina pa kwenda. Ukifunga thredi kwenye CPU moja na ikatokea interapti nzito (kifaa kukatiza CPU ili kihudumiwe) ya kadi ya mtandao inaangukia hapohapo, thredi yako itasubiri huku majirani wako bure, na shedula haina ruhusa ya kukusaidia. Kabla ya kuchagua CPU za kufungia soma /proc/interrupts ujue zipi zinapigwa.

Kwa mashine yenye NODE zaidi ya moja, funga CPU na RAM pamoja:

`numactl --cpunodebind=0 --membind=0 ./programu`

Kufunga CPU bila RAM ni nusu ya kazi, kurasa zilizoshatengwa upande wa pili zinaweza kubaki hukohuko. Kwa sevisi ya systemd iko hivi:

`systemctl set-property --runtime jina.service AllowedCPUs=0-7`

Ya --runtime inafutika ukiwasha upya, nzuri kwa majaribio.

Sasa makontena, hapa naona watu wanaumia bila kujua. Kwenye Docker, --cpus=2 na --cpuset-cpus=0,1 ni vitu tofauti kabisa. Ya kwanza inapima muda, haikuchagulii CPU. Dirisha ni milisekunde 100 na unapewa milisekunde 200 za CPU ndani yake. Programu ikihesabu CPU za mashine ikaona 32, ikafungua thredi 32, zote zikikimbia pamoja zinamaliza bajeti ndani ya milisekunde kama 6 afu zinasimamishwa zote milisekunde 94 zinazobaki. Kwenye grafu inaonekana kontena linatumia CPU 2 vizuri, huku kila ombi linakwama. Soma nr_throttled kwenye faili la cpu.stat la cgroup yako (kundi ambalo kerneli inawekea kontena mipaka), ikipanda ndo hiyo, na dawa yake ni kupunguza thredi mpaka zilingane na bajeti au kutumia cpuset ili programu ijue ina CPU ngapi.

Kwenye simu na prosesa zenye kori kubwa na ndogo hesabu inabadilika. Kuanzia kerneli 5.0 ya mwaka 2019 Linux ina uchaguzi unaoangalia nishati: kori kubwa kabisa inapewa uwezo 1024, ndogo chini yake, na thredi inayoamka inawekwa pale ambapo makadirio yanaonyesha umeme utatumika kidogo zaidi huku kazi ikitosha. CPU mojawapo ikipita kama asilimia 80 ya uwezo wake hesabu ya umeme inawekwa pembeni na mizigo inasambazwa kawaida. Kwenye mashine hizi usifunge kwa namba ovyo, CPU 0 mara nyingi ni kori ndogo.

Windows nayo ina uzio wake, `start /affinity 3 programu.exe` inaruhusu CPU 0 na 1, namba hiyo ni ramani ya biti kwa heksadesimali. Kwenye Mac za Apple Silicon hufungi CPU kabisa, unatangaza umuhimu wa kazi na mfumo unachagua kori.

Kuna chombo kizito kimoja nimekiacha mwisho, isolcpus kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Kinazitoa CPU kwenye kusawazisha kote, kinafaa kwa kazi zisizovumilia hata kucheleweshwa kidogo. Mtego wake ni huu: ukiandika isolcpus=4-7 afu ukafanya taskset -c 4-7 kwa programu ya thredi 4 ukitegemea zijigawe, kwa kawaida zitarundikana kwenye CPU moja na zingine 3 zitakaa bure, kwa sababu umemwondoa yule ambaye kazi yake ilikuwa kuzigawa. Humo ndani kila thredi unaifunga mwenyewe kwenye CPU yake moja, kwa taskset -cp na TID (namba ya thredi) yake au kwa sched_setaffinity ndani ya kodi, kisha unarudia ile amri ya ps na kuhakikisha safu ya PSR ina namba 4 tofauti.